Subaru ya turbo na oili nzito: joto la Mombasa si hoja

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na vijana watatu, wote wa hapa kisiwani na wote wenye Subaru za turbo: "Ami, nitie oili gani?" Wa kwanza fundi wake amemwambia atie 20W-50 kwa sababu Mombasa kuna joto. Wa pili amesoma mtandaoni kwamba magari ya Japani siku hizi yanatumia 0W-20, basi naye anaitaka hiyo hiyo. Wa tatu anauziwa oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, na muuzaji anamhakikishia kuwa ni ile ile ya kwenye galoni, tofauti ni karatasi tu.

Wote watatu wameshauriwa na watu wanaowaamini, na ushauri wote watatu una kasoro. Mimi nilisomea magari hadi stashahada na nikashika spana miaka kadhaa kabla ya kushika kalamu, kwa hivyo leo nimeona nijibu kwa maandishi ili wengine nao wafaidike.

Mapenzi yetu kwa Subaru yanajulikana. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na waliokuwa watoto wakati ule sasa ndio wanaotafuta Impreza WRX na Forester ya turbo. Nyingi zilizoko barabarani zina injini za EJ20, zimeshapita mikononi mwa wenyewe wawili au watatu hapa hapa Kenya, kwa sababu sheria yetu ya kutoagiza gari lililopita miaka minane imeshazifungia mlango wa bandarini. Kwa maana hiyo injini unayoinunua ina historia usiyoijua, na ikigonga, ya kubadilisha kutoka Japani hupati chini ya laki moja, bado hujalipa fundi. Galoni ya oili nzuri ni elfu kadhaa.

Tuanze na namba zenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Katika 5W-40, ile 5W inaeleza jinsi oili inavyotembea ikiwa baridi, na 40 inaeleza unene wake ikishapata joto la nyuzi 100. Herufi W ni ya majira ya baridi ya wenzetu wa Ulaya na Marekani. Oili ya 5W hupimwa ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 20W hupimwa ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Mombasa alfajiri ya Julai ikipoa sana ni nyuzi 21 au 22, kwa hivyo hatuna shida ya oili kuganda. Lakini usiseme basi namba ya kwanza haina kazi. Oili nyingi za 5W-30 zikiwa na joto la nyuzi 40 zina mnato wa kati ya 55 na 70 kwa kipimo cha viwandani, na 20W-50 nyingi hupita 140. Yaani ukiwasha gari asubuhi pale Kibokoni, 20W-50 ni nzito mara mbili na zaidi, na ndiyo inayotakiwa ipande upesi kwenye turbo na kwenye beringi.

Sasa joto. Hoja ya fundi ni kwamba kitabu cha gari kimeandikwa kwa ajili ya Japani na sisi tuko pwani. Inasikika kama hoja nzuri hadi utazame hali ya hewa ya Japani yenyewe. Tokyo mwezi wa Agosti hupita nyuzi 35, na unyevu wake wa hewa ni kama wetu. Sisi mwezi wa Machi, jua likiwa utosini, tunafika 32 au 33. Waliotengeneza gari walilifanyia hesabu joto kama letu, na zaidi. Tena injini ina thamostati. Ikishapata moto, oili iko kwenye nyuzi 90 hadi 110, hewa ya nje iwe 20 au 33. Kinachoumiza oili ni turbo, msongamano wa magari na mguu wa dereva. Jua halihusiki sana.

Turbo ndiyo inayolitofautisha gari la kasi na Probox. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, imeelea juu ya utando mwembamba wa oili, na upande wake mmoja unapigwa na moshi wa moto kutoka kwenye injini. Hakuna mahali pengine kwenye gari ambapo oili inateswa vile. Oili hafifu huungua pale na kuacha masizi magumu kama ukoko wa chini ya sufuria ya pilau. Katika Subaru nyingi za EJ, bolti inayoshika bomba la kupelekea turbo oili ina kichujio kidogo cha wavu ndani yake, kidogo kiasi kwamba mafundi wengi hawajui kama kipo. Masizi yakijaa hapo, turbo inakufa kiu huku geji ya oili ikionyesha kila kitu sawa. Ikikatika, vipande vya chuma vinaweza kuingia kwenye oili na kumaliza beringi za injini nzima. Nimekiona kichujio hicho kimeziba kabisa kwenye gari ambalo mwenyewe aliapa kuwa halijawahi kukosa savisi. Savisi lilipata, ila oili haikuwa oili.

Ndiyo maana sikubaliani na imani kwamba nzito ndiyo kinga. Oili nzito hupandisha sindano ya geji, na mwenye gari hufurahi. Lakini presha kubwa inaweza kuwa na maana kwamba oili inapita kwa taabu, na kinachopooza beringi ni oili inayopita. EJ za turbo kuanzia miaka ya 2000 nyingi zina mfumo wa kubadilisha muda wa vali unaosukumwa na oili yenyewe kupitia vijia vyembamba. Ukiijaza injini hiyo uji wa 20W-50, mfumo ule unachelewa kuitika, gari linakuwa zito chini, na kijana anaanza kubadilisha plagi na koili zisizo na makosa.

Pamoja na hayo, sitamvunjia fundi heshima, maana hakulitoa neno lake hewani. Vitabu vya Subaru za turbo za miaka ile vilitaja 5W-30 kuwa ya kawaida, halafu vikaruhusu oili nzito zaidi, hata 20W-50, kwa joto kali na kazi ngumu kama kuvuta tela. Ni ruhusa ya hali maalumu, nasi huku tumeigeuza kuwa sheria ya kila gari, hata Vitz ya kupeleka watoto madrasa.

Huyu wa 0W-20 naye nimwambie hivi. Oili hiyo ilibuniwa hasa kupunguza unywaji wa petroli, na injini zake zimetengenezwa kwa ajili yake. Kama una Aqua au Fit ya haiburidi na kitabu kinasema 0W-20, tia 0W-20 bila wasiwasi wowote, usidanganywe na mtu kwamba ni maji. Lakini EJ20 ya turbo si injini ya 0W-20. Utando wake utakuwa mwembamba mno pale kwenye beringi za konrodi, na ndizo hizo ambazo Subaru imejulikana kuziua.

Basi nitie gani? Kwa EJ20 ya turbo isiyochezewa, ya kwendea kazini na safari ya Malindi wikendi, mimi natia 5W-40 ya sintetiki kamili. 5W-30 ya sintetiki nayo ni sawa kama ni ya daraja zuri na unaibadilisha mapema. Gari ambalo limeongezwa presha ya turbo au kubadilishwa programu ya kompyuta lina maisha mengine. Hilo naliwekea 5W-40 au 10W-50 nzuri, na ninamwambia mwenyewe afunge geji ya joto la oili kabla ya kufunga egzosi ya kelele. Kwa kawaida egzosi ndiyo hutangulia. Waliobahatika kuwa na WRX mpya zaidi, za injini ya FA20 yenye kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kitabu kinataka 5W-30 ya sintetiki, nanyi fuateni kitabu.

Lakini namba ya uzito pekee haitoshi, na hapa ndipo ninapowaomba mtulie kidogo mbele ya rafu ya duka. Geuza galoni usome nyuma. Tafuta herufi za API. SN ilitoka mwaka 2010, SP mwaka 2020. Kwa injini ya petroli, herufi ya pili ikiwa mbele zaidi katika alfabeti, daraja ni jipya zaidi. SP ni muhimu kwa zile FA20 na wenzake wa kupuliza moja kwa moja, maana inasaidia kuzuia mlipuko wa mapema ndani ya silinda ambao unaweza kupasua pistoni. Bado kuna galoni madukani zimeandikwa SF au SG, madaraja ya miaka ya 1980, na watu wanazinunua kwa sababu picha ya nje ina gari la mashindano. Halafu tafuta ACEA A3/B4. Alama hiyo ina maana oili imepimwa kwa joto la nyuzi 150 huku ikisuguliwa kwa kasi, na haikushuka chini ya 3.5. Oili ya 30 inaweza kupita sokoni kihalali ikiwa na 2.9 tu. Kwa turbo, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya jina la kampuni, na ndiyo sababu mimi sina kampuni ninayoipigia debe.

Jihadhari pia na oili ya bei rahisi yenye namba zilizoachana sana, mfano 5W-50. Ili oili moja iwe nyepesi ikiwa baridi na nzito ikiwa moto, hutiwa viungo maalumu vya kuikaza, na viungo hafifu husagika. Umenunua 50, baada ya miezi miwili unaendesha 30. Zile nzuri zipo, ila ni ghali, na kwa gari la barabarani sioni haja yake.

Jambo ambalo nadhani linaua injini nyingi kisiwani kuliko namba zote hizi ni kilomita. Stika ya kioo inasema rudi baada ya 5,000, na mwenye gari anahesabu kilomita kama posho. Hebu tuhesabu saa. Gari linalokwenda Nairobi na kurudi kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa litamaliza 5,000 baada ya saa 62 na nusu. Gari la kushinda Buxton, daraja la Nyali na foleni ya feri Likoni, kiyoyozi kikiwaka, likienda wastani wa kilomita 20 kwa saa, litachukua saa 250. Injini imefanya kazi mara nne, oili ni ile ile, na mita haikuona kitu.

Kwa wakazi wa Mji wa Kale kuna la ziada. Kutoka Ndia Kuu hadi Marikiti ni safari ya dakika chache; maji ya rejeta yanapata moto, lakini oili huchelewa kupata moto kuliko maji. Petroli isiyoungua inateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi, unyevu unabaki ndani, na gari linazimwa kabla vyote viwili havijapata nafasi ya kukauka. Ukifungua kifuniko cha kutilia oili ukakuta ute wa rangi ya maziwa, mara nyingi ni hilo, ingawa ukizidi kagua gasketi. Gari la turbo la maisha hayo mimi nalibadilishia oili kila 3,000 hadi 4,000, au miezi minne, lolote litakalotangulia. Na mara moja kwa wiki litoe nje ya kisiwa, lipeleke Mtwapa au barabara ya Dongo Kundu nusu saa nzima, lipate moto wa kweli.

Jirani yangu mmoja alikuwa na Forester ya turbo, nzuri, imepigwa rangi upya. Oili aliyotia ilikuwa sahihi kwa kila hali, galoni halisi, namba sahihi. Akaondoka nayo Ijumaa usiku kwenda Nairobi kwa harusi. Zaidi ya kilomita 480, kutoka usawa wa bahari hadi juu ya mita 1,600, na kila lori analipita kwa turbo. Karibu na Mtito Andei injini ikaanza kugonga. Ilipofunguliwa, beringi ya konrodi ilikuwa imejizungusha, na kwenye sampu ilitoka oili kama lita mbili na nusu. Injini hiyo huchukua lita nne na kitu. Hakukuwa na uvujaji. Ilikuwa inakula kidogo kidogo kwa majuma, na taa ya oili haikuwaka hadi mwisho.

Taa ile inapima presha, haipimi kiasi. Ikishawaka, mengi yameshaharibika. Kutoka alama ya chini hadi ya juu kwenye kijiti ni kama lita moja, na katika sampu ya lita nne lita hiyo ni robo ya mali yako. Kwa hivyo kijiti kitazamwe kila wiki, asubuhi, gari likiwa mahali pa tambarare na injini haijawashwa. Kwenye EJ kijiti kina tabia ya kusema mambo mawili, upande mmoja juu, mwingine chini. Mimi huamini ule wa chini. Safari ndefu beba lita moja ya oili ile ile kwenye buti, na ukisimama Voi kutia petroli pima tena, baada ya kuiacha injini itulie dakika kadhaa.

Sasa pipa. Sisemi kila oili ya kupimiwa ni mbovu. Kuna mabasi na malori yanahudumiwa kwa mapipa halali ya kampuni kubwa. Ninachosema ni kwamba wewe mnunuzi huna njia ya kujua kilichomo. Rangi haisemi kitu, kuisugua baina ya vidole haisemi kitu, na harufu ndiyo kabisa. Galoni nazo huigizwa. Kagua pete ya kizibo kama imekatika, linganisha namba ya toleo iliyochapishwa kwenye galoni na hali ya chapa yenyewe, angalia kama stika imepachikwa juu ya nyingine. Bidhaa ya hapa yenye alama ya ubora ya KEBS ina namba ya kibali chini yake. Itume kwa ujumbe mfupi kwa 20023 ukitanguliza SM#, utaletewa jina la mwenye kibali. Dai risiti. Na anayejaza galoni ya jina kubwa oili iliyochujwa upya, huyo anaghushi, na baraza zote tunakoketi tunajua ghushi imekaa wapi katika dini yetu.

Ukishamaliza kutia, toboa galoni tupu kwa bisibisi kabla ya kuitupa. Wanaonunua galoni tupu na nzuri hawanunui za kuwekea maji ya kunywa.

Kwa wasio na Subaru nitapita haraka. Golf GTI na Audi zinataka namba za Volkswagen, 502 00 au 504 00 kulingana na injini, na namba hiyo iwe imeandikwa kwenye galoni yenyewe. Mazda CX-5 ya dizeli ina kichujio cha moshi kinachozibwa na majivu ya oili, kwa hivyo ile 15W-40 ya malori usiikaribishe. Tafuta inayosema ACEA C3 au ile iliyotajwa na kitabu chako. Na mwenye bodaboda asitie oili ya gari yenye viungo vya kulainisha, maana klachi yake inaoga ndani ya oili hiyo hiyo na itaanza kuteleza. Yake ni yenye alama ya JASO MA.

Filta ibadilishwe kila oili inapobadilishwa, halisi, si ile ya mia mbili. Ukifika nyumbani baada ya kuikimbiza turbo, usizime papo hapo. Dakika ya mwisho kabla ya kuingia mtaani endesha polepole, na kwa barabara zetu za Kuze hutakuwa na hiari. Oili chafu isimwagwe mtaroni, kwani mitaro ya Mji wa Kale inateremka baharini. Iweke kwenye kidumu umpe seremala au mwenye kujenga. Wanaipaka mbao kuzuia mchwa, na mara nyingi watakuja kuichukua wenyewe.